Sukari ikishuka yenyewe, usishangilie mapema

Kisukari na ugonjwa wa figo hutembea pamoja kimyakimya, na familia nyingi hushtuka mambo yakiwa yameharibika. Iwe kwenu ni Bokoli ama Bahati, soma hii kabla hujatuma pesa za mwisho wa mwezi.

HUENDA umewahi kupokea habari hii kwa simu kutoka ushago. Mama, baba ama senge ameishi na kisukari miaka kumi na kitu. Ghafla sukari inaanza kushuka. Iliyokuwa 15 sasa ni 8, wiki chache baadaye ni 5, na dawa ni zile zile. Pengine hata amezipunguza. Nyumba nzima inafurahi. Aliyeleta mizizi anasifiwa, aliyeombea anashukuriwa, na wewe huko Nairobi, Eldoret ama Kitale unapumua.

Ngoja kwanza.

Ni kweli sukari hushuka kwa sababu nzuri. Mtu amepunguza uzani, amebadilisha mlo, anameza dawa inavyotakiwa. Lakini ipo sababu nyingine ambayo wengi wetu hatujawahi kuambiwa. Figo ni kati ya viungo vinavyoondoa insulini mwilini, hasa ile ya sindano. Figo zikichoka, insulini inakaa kwenye damu muda mrefu kuliko kawaida na inaendelea kuiteremsha sukari. Baadhi ya vidonge vya kisukari navyo hutolewa na figo, kwa hivyo vinakawia mwilini. Tena mtu ambaye figo zake zinafeli hupoteza hamu ya kula.

Kwa hivyo kile ambacho familia inakiita kupona, wakati mwingine ni figo zinazozimika. Sukari ikishuka bila sababu inayojulikana, hiyo ni siku ya kwenda hospitali kupimwa figo. Sherehe ingoje majibu.

Kichujio kisicholalamika

Kila mmoja wetu ana figo mbili, kila moja ikiwa na ukubwa wa ngumi hivi. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, karibu milioni moja. Kwa siku moja, vichujio hivyo hupitisha takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha mwili hurudisha karibu yote. Kinachobaki ni lita moja ama mbili za mkojo. Hiyo ndiyo kazi inayofanyika ukiwa umelala, ukiwa kazini, ukiwa kwenye mechi.

Sukari nyingi kwenye damu, mwaka baada ya mwaka, huviharibu vichujio hivyo na kuviacha na makovu. Presha ya juu inakuja kusukuma damu kwa nguvu kwenye mishipa ambayo tayari imedhoofika. Hawa wawili, kisukari na presha, ndio husababisha sehemu kubwa ya magonjwa ya figo kwa watu wazima duniani. Na wanapenda kukaa kwenye mwili mmoja. Kati ya watu wazima watatu wenye kisukari, takriban mmoja hupata ugonjwa wa figo.

Shida ni kwamba figo hazilalamiki. Dalili ya kwanza kabisa ni protini inayoitwa albumini kuanza kuvuja kwenye mkojo. Haiumi. Mkojo unaonekana kama wa kila siku. Povu huja baadaye. Kufikia wakati miguu na macho vinavimba, mwili unawasha, kichefuchefu kinakuja asubuhi na pumzi inakatika ukipanda kilima, sehemu kubwa ya kazi ya figo huwa imeshapotea, na iliyopotea hivyo hairudi.

Sasa shika haya mawili, maana ndiyo kiini cha makala hii. Kuna kipimo cha mkojo cha kuangalia albumini. Na kuna kipimo cha damu cha kuangalia uchafu unaoitwa kreatinini, ambacho humwezesha daktari kukadiria kasi ambayo figo zinachuja. Kasi hiyo ikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu ama zaidi, huo ni ugonjwa wa figo. Ikishuka chini ya 15, figo zimefeli.

Mtu mwenye kisukari cha ukubwani, kile kinachoitwa aina ya pili, anafaa kufanyiwa vipimo hivyo viwili kila mwaka kuanzia siku anapoambiwa ana kisukari. Kwa nini kuanzia siku hiyo? Kwa sababu mara nyingi ugonjwa huwa umeishi naye miaka kadhaa kabla haujaonekana.

Lakini ukimpigia mama umuulize kama amepimwa figo, jibu utakalopata ni hili: "Walinipima sukari juzi, wakasema niko sawa." Kile kipimo cha kidole ni cha sukari ya dakika ile tu. Hakisemi lolote kuhusu figo.

Bokoli si kisa cha uchu wa sukari

Ukitaka kuelewa kwa nini watu hufika hospitalini wamechelewa, twende Bokoli. Iko Webuye Magharibi, kaunti ya Bungoma. Ni soko la kawaida la magharibi mwa Kenya, na mashamba ya mahindi, maharagwe na miwa hayako mbali. Kuna hospitali ya kaunti ndogo hapo hapo Bokoli. Hospitali kubwa zaidi iko Webuye, na za rufaa ziko Bungoma mjini na Kitale.

Watu wa mjini hupenda kusema kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri wanaokula vibaya. Ukitembea Bokoli utaona hadithi hiyo haisimami.

Anza na kupimwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu asilimia 88 ya Wakenya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa sukari maishani. Zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa presha. Sasa kama mtu hajui ana kisukari, atajuaje kwamba figo zake zinaliwa?

Halafu kuna pesa, na pesa hapa haina ratiba. Mkulima hupata za mahindi kwa msimu. Wa miwa hungoja kiwanda kilipe. Kampuni ya Sukari ya Nzoia, iliyoanzishwa mwaka 1975, imewahi kulaza wakulima na madeni kwa miezi mingi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa 2009, na ingawa kilifufuliwa baadaye, ajira nyingi hazikurudi. Sasa chukua mtu ambaye mapato yake ni ya kubahatisha, umpe ugonjwa unaotaka dawa kila siku. Atafanya nini? Atameza dawa mwezi huu, aruke mwezi ujao karo ikifika. Atakata kidonge nusu. Hata wewe ungefanya hivyo, maana hesabu haitoshi.

Njoo kwa chakula. Chai ya asubuhi ina sukari ya kutosha kijiko kisimame. Mchana ni ugali mkubwa wa unga mweupe, jioni ni huo huo. Wimbi na mtama, vyakula vya wazee wetu, vimekuwa ghali kuliko unga wa pakiti. Na chakula Bukusu si chakula tu, ni heshima. Nenda matangani, nenda harusini, nenda kwa shemeji, halafu ukatae kula uone utakavyotazamwa. Agosti ya mwaka wa tohara ikifika, nyumba hadi nyumba kuna nyama, busaa na soda. Kukhu wako, yaani nyanya, akiambiwa na daktari apunguze, anarudi kwenye ukoo mzima ambao haukuwa ndani ya kile chumba cha daktari.

Pia kuna suala la mwili. Kwa wengi, mtu mnene ni mtu aliyefanikiwa. Ukirudi ushago umeongeza kilo kumi, unaambiwa, "Nairobi imekupenda!" Ukipungua, watu wanaanza kunong'ona kuhusu ugonjwa mwingine. Mgonjwa wa kisukari anapungua akila vizuri, halafu anaogopa macho ya watu, anarudia sahani ya pili.

Wanaume nao wana lao. Kisukari huweza kuvuruga nguvu za kiume, na kuna mzee ambaye ni heri afe kuliko kumwambia muuguzi wa umri wa binti yake. Kwa hivyo haendi kliniki kabisa. Ananunua dawa za pembeni, ananyamaza, na presha inapanda.

Mwisho, maumivu. Mtu ameinama shambani tangu alfajiri, ama amebeba mizigo, ama magoti yamezeeka. Anapita duka la dawa jioni ananunua diklofenaki ama ibuprofeni, bila karatasi ya daktari, wiki baada ya wiki. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo. Kwa mtu mzima wa afya, siku mbili tatu si neno. Kwa mtu mwenye kisukari, presha na figo ambazo tayari zimeguswa, ni kama kumwaga petroli. Baadhi ya dawa za mitishamba nazo zinaweza kuumiza figo, na hakuna anayejua kipimo kilichomo kwenye ile chupa. Humlaumu mgonjwa kwa kutafuta nafuu. Lakini daktari wake anahitaji kujua anachokunywa.

Sasa umeona? Ukiambiwa mtu figo zimefeli "kwa sababu alipenda vitu vitamu", jua umesimuliwa robo ya hadithi.

Magonjwa mawili, mashauri mawili

Hapa ndipo familia nyingi huchanganyikiwa, na ni haki yao.

Miaka kumi mgonjwa ameambiwa: punguza ugali, ongeza maharagwe, ongeza mboga, kula parachichi. Ametii. Siku figo zikiwa zimeharibika sana, anakaa mbele ya mtaalamu mwingine na anaambiwa apunguze parachichi, apunguze ndizi, apunguze maharagwe, na mboga zichemshwe kisha maji yamwagwe. Anatoka nje anauliza, kwani nile mawe?

Sababu ipo. Figo zilizochoka zinashindwa kutoa madini yanayoitwa potasiamu, na potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Kwa hivyo chakula kilichomfaa mgonjwa wa kisukari kinaweza kumdhuru akifika hatua za mwisho za ugonjwa wa figo.

Chukua mfano wa jikoni za kwetu. Mrenda na kunde hupikwa kwa munyu wa kienyeji, yale maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Mtu aliyeambiwa aache chumvi anaweza kudhani munyu ni salama kwa kuwa si chumvi ya dukani. Lakini majivu ya mimea yana potasiamu nyingi. Kwa mtu mwenye figo nzima hakuna shida kubwa. Kwa mtu ambaye figo zimebaki kidogo, hilo ni jambo la kumtajia daktari ama mtaalamu wa lishe.

Mfano mwingine: sukari ikishuka ghafla, mtu anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo. Wengi humkimbizia juisi ya machungwa. Kwa mgonjwa wa figo, maji ya sukari ama glukosi ni afadhali, kwa sababu machungwa yana potasiamu. Na akizimia, usimwagie kitu mdomoni. Kimbia hospitali.

Dawa pia hubadilika. Metfomini, kidonge ambacho wengi huanza nacho, husimamishwa figo zikishuka chini ya kiwango fulani. Kiasi cha insulini mara nyingi hupunguzwa. Ndiyo maana mtu hafai kuendelea na karatasi ya dawa ya miaka mitano iliyopita, akinunua dukani tu bila kurudi kliniki.

Lakini usikimbilie kumkataza mama yako kila kitu baada ya kusoma hapa. Hatua za mwanzo za ugonjwa wa figo hazihitaji makatazo hayo yote. Mboga za kienyeji, maharagwe na matunda bado ni rafiki wa mtu ambaye figo zake zinafanya kazi. Nani apunguze nini, na lini, ni swali la vipimo vyake yeye.

Hesabu ya mashine

Figo zikifeli kabisa, njia zilizobaki ni kusafishwa damu ama kupandikizwa figo. Kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida, ni mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Piga hesabu. Hizo ni safari 156 kwa mwaka.

Tushukuru kidogo: mradi wa serikali wa vifaa vya hospitali ulioanza 2015 ulipeleka mashine za kusafisha damu kwenye hospitali nyingi za kaunti. Zamani mtu wa Bungoma alitazama Eldoret ama Nairobi. Lakini hata leo, mtu wa Bokoli anaweza kujikuta kwenye safari ya Bungoma mjini ama Kitale. Kutoka Webuye hadi Kitale peke yake ni karibu kilomita 60. Mgonjwa hasafiri peke yake, kwa sababu akitoka kwenye mashine amechoka kabisa. Kwa hivyo nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi, mara tatu kwa wiki. Na yule anayemsindikiza, mara nyingi binti ama mke, ameacha shamba, ameacha biashara.

Kikao kimoja hugharimu takriban Sh10,000. Kwa mwaka hiyo ni zaidi ya Sh1.5 milioni. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, hulipia vikao kwa mwanachama ambaye michango yake iko sawa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na uwezo wake, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Nauli haimo. Chakula cha njiani hakimo. Siku za kazi zilizopotea hazimo.

Unajua kinachofuata. Kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, jina la mgonjwa na neno "matibabu". Unaongezwa bila kuulizwa. Kila mtu anaandikiwa kiasi chake. Ng'ombe anauzwa, halafu kipande cha shamba. Watu wanatoa kwa moyo, na hilo ni jambo zuri la kwetu. Lakini jiulize: kikundi hicho kilikuwa wapi miaka sita iliyopita, wakati kipimo cha mkojo kingegharimu sehemu ndogo sana ya kikao kimoja cha mashine?

Maana albumini ikigunduliwa mapema, kuna la kufanya. Kushusha presha chini ya 130/80, kudhibiti sukari, na kutumia dawa kama enalaprili ama losatani, ambazo hushusha presha na pia kuzikinga figo, huweza kuchelewesha kufeli kwa figo kwa miaka mingi. Tafiti kubwa za 2019 na 2020 zilionyesha kwamba kundi jipya la vidonge vya kisukari, vile vinavyotoa sukari kupitia mkojo, hupunguza kasi ya figo kuharibika. Bado si kila mtu anavimudu. Lakini hata dawa za zamani na za bei nafuu zinafanya kazi, mradi mtu azimeze kila siku, na mradi mtu apimwe.

Na wewe wa mjini?

Usidhani tumekusahau. Ukiwa na mzazi ama ndugu mwenye kisukari cha aina ya pili, hatari yako iko juu kuliko ya jirani yako. Na mjini hakukusaidii.

Unaamka saa kumi na moja kushindana na foleni. Kiamsha kinywa ni chai na mandazi mawili kando ya barabara. Mchana ni chipsi na smokie kwa sababu ndizo bei yako. Kazi ni ya kukaa: ofisini, dukani, kwenye kiti cha bodaboda ama nyuma ya usukani. Saa za usiku unafungua kinywaji cha kuongeza nguvu ili umalize zamu. Soda ya kawaida ya nusu lita inaweza kuwa na zaidi ya gramu 50 za sukari, yaani vijiko 12 vya chai hivi. Shirika la Afya Duniani linasema ni vyema zaidi sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 25 kwa siku. Chupa moja, na umemaliza ya leo na ya kesho.

Chumvi nayo imejificha kwenye chipsi, smokie na vile viungo vya unga vya kupikia. Kiwango kinachopendekezwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai bila mlima. Na ile presha ambayo unadhani ni ya wazee? Wapo vijana wa miaka 28 wanaotembea nayo bila kujua.

Hatusemi uanze kula saladi na kukimbia marathoni. Dakika 150 za mazoezi kwa wiki ni kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano. Shuka stendi moja kabla. Maji badala ya soda, siku nne kati ya saba kwa kuanzia. Sukuma na ndengu kwenye kibanda hazigharimu kuliko chipsi. Sigara acha. Na mara moja kwa mwaka, hasa kama kwenu kuna kisukari, pima sukari na presha. Sukari ikiwa 7.0 ama zaidi kabla ya kula asubuhi, rudia kipimo hospitalini. Usijitibu na video za mtandaoni.

Kazi yako wiki hii

Wewe ndiye unayetuma pesa, unayejua kusoma karatasi za hospitali, unayeshika simu yenye intaneti. Una nafasi ambayo daktari hana. Itumie kwa adabu.

Kwanza, pesa za kipimo zitume zikiwa na jina lake. Ukituma Sh2,000 za "matumizi", zitaenda kwa unga na karo, na ni haki. Tuma za vipimo peke yake, umtumie mtu wa kumpeleka. Mwambie aombe mambo matatu kwa majina: albumini kwenye mkojo, kreatinini kwenye damu, na presha. Kama figo ziko sawa, aombe pia kipimo cha sukari cha wastani wa miezi mitatu. Mwambie akupigie picha ya karatasi. Ihifadhi, uilinganishe na ya mwaka ujao.

Pili, angalia SHA ya wazazi. Usingoje siku ya kulazwa ndipo ujue kadi imelala.

Tatu, mfuko wa dawa. Siku utakayoenda nyumbani, omba uone kila anachomeza, pamoja na vidonge vya magoti na chupa ya mizizi. Usitupe, usigombe. Andika orodha apeleke kliniki.

Nne, tafuta watu wa kutembea naye. AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret na vyuo vikuu vya nje, imefanya kazi Webuye kwa miaka mingi. Watu wake waliwahi kupita nyumba kwa nyumba huko wakipima sukari na presha. Baadaye wakajaribu magharibi mwa Kenya mpango wa vikundi: wagonjwa wa kisukari na presha wanakutana, wanaweka akiba na kukopeshana, na mhudumu wa afya anawafuata hapo hapo kwenye kikundi. Wazo lenyewe ni la busara. Tatizo ni pesa na upweke, basi yatibiwe pamoja na sukari. Kama karibu na kwenu hakuna kikundi cha namna hiyo, chama cha mama cha kila Alhamisi kinaweza kualika mhudumu wa afya ya jamii na mashine ya presha.

Tano, namna ya kusema. Mama humwamrishi. Muulize, "Mama, nisaidie kuelewa dawa zako," naye atafungua. Baba ni mgumu zaidi. Akikataa, usibishane naye kwenye simu. Tafuta bakoki wake, rika aliotahiriwa nao pamoja, hasa yule aliye na kisukari na anaenda kliniki. Neno la rika lake litaingia mahali ambapo lako halifiki. Na senge, kama unaye wa kusikilizwa, msemeshe kwanza. Mkutano wa familia ambao senge ameubariki huenda mbali.

Sita, jikoni. Usimpikie mgonjwa chungu chake cha huzuni kando. Nyumba yote ipunguze sukari kwenye chai, nyumba yote ipunguze chumvi. Ukienda nyumbani Desemba, beba kilo chache za unga wa wimbi badala ya kreti ya soda. Wageni wakija, wasilazimishwe sahani ya pili, na mgonjwa akisema ameshiba, aaminiwe.

Haya yote ni mambo madogo yenye kuchosha, hayana hadithi ya kusimulia kama ile ya mtu aliyeponywa na mzizi. Lakini miaka sita si mingi. Ni muda wa mtoto kuanza darasa la kwanza hadi la sita. Ndani ya muda huo figo zinaweza kushikiliwa zilipo, ama zikaisha.

Kwa hivyo ukipiga simu nyumbani leo jioni, baada ya kuuliza mvua na mahindi, ongeza swali moja: "Mkojo wako ulipimwa lini?" Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, umeshapata jibu. Panga siku ya kwenda.